Trei ya Mayai Hadi Getini

Jumapili, tarehe 3 Machi

Niwie radhi, daftari langu. Tangu Oktoba sijakuandikia hata mstari mmoja. Mtu aliyefundisha sarufi na insha kwa miaka thelathini na minane hapaswi kunyamaza miezi mitano bila udhuru. Udhuru ninao. Kwanza, kalamu ilipotea. Pili, mama watoto aliugua mgongo, na nyumba yenye mgonjwa haiandiki. Kalamu imepatikana chini ya kiti cha gari. Mgongo umepasuliwa Ijumaa.

Leo nimemtembelea wodini. Yuko ghorofa ya pili, kitanda cha dirishani. Kutoka hapo anaona geti la hospitali, tuta lililo ndani yake, na kila aingiaye saa kumi, saa ya kutazama wagonjwa. Anasema dirisha hilo ndilo redio yake. Daktari, mtu wa maneno machache, amesema ataruhusiwa Jumamosi, ila asitikiswe kwa wiki sita. Kisha akachungulia nje, akaliona gari langu, akauliza nitamchukua kwa chombo gani. Swali la dharau!

Gari langu ni la kasi, lile wanaloliita la spoti. Jekundu. Milango miwili. Umri, miaka thelathini na minne. Nilijizawadia nilipostaafu. Ni kweli, ni gumu kidogo. Ukikanyaga sarafu, kiuno hukuambia ni upande gani ulio juu. Lile tuta la getini leo limenigongesha kichwa kwenye paa. Hata hivyo mke wangu nitamrudisha nyumbani mimi, kwa gari langu.

Jirani yetu Taratibu, mstaafu wa benki, alikuwa amekaa kando ya kitanda pamoja na mkewe. Ana gari refu la kijivu, pana kama sebule, ambalo halijawahi kuipita baiskeli. Ndilo lililompa jina. Akajitolea kumchukua mgonjwa. Nikamwambia asante, haitahitajika. Mama watoto akamtazama yeye, akanitazama mimi, akatazama dirisha.

Siku sita zinatosha.

Jumatatu, tarehe 4 Machi

Asubuhi kwa fundi. Akaikandamiza boneti mara moja kwa mikono miwili, akaiachia. Gari likaendelea kuinama na kuinuka kama mtu anayewaamkia wakwe wengi. Akaingia uvunguni, akatoka na mafuta vidoleni. Alisema shokapu zote nne, zile za kumeza mitikisiko, zinavuja na zimekufa, bushi za mpira zimelika, sasa chuma kinagonga chuma. Hata mpira wa mfuniko wa buti la nyuma umeoza, maji yanaingia. Abadilishe shokapu na bushi tu, kazi ya siku moja, na mgonjwa atasinzia njiani.

Ningemsikiliza. Lakini fundi huyu, ambaye sasa ana mvi, alikuwa mwanafunzi wangu. Katika insha ya mwisho nilimpa alama thelathini na moja kwa mia. Mtu wa thelathini na moja anipe mimi hukumu? Nikamwambia ametumia maneno mengi na hoja chache. Akafuta vidole vyake kwa kitambaa.

"Haya, Mwalimu," akasema. "Shokapu ziko pale rafuni. Hazina haraka."

Nimeamua kulitahini gari mwenyewe. Mtihani ni huu: trei ya mayai thelathini juu ya kiti cha abiria, kutoka nyumbani hadi geti la hospitali. Kila yai zima, alama moja. Mtihani unaishia hatua chache kabla ya tuta, kwa sababu tuta si barabara na halimo katika mtaala.

Nilifika saa kumi kamili. Matokeo: kumi na moja kwa thelathini. Mlinzi wa getini akauliza kama naingia. Nikamwambia sina nafasi, nina mayai ya kusahihisha. Nikageuza.

Chakula cha jioni: mayai.

Jumanne, tarehe 5 Machi

Nimegundua kosa. Matairi yamejaa upepo mno! Mhudumu wa kituo cha mafuta alikataa kuupunguza kupita kipimo kilichoandikwa mlangoni mwa gari. Wanaoshika maandishi bila kuyaelewa ni wengi. Nikaupunguza mwenyewe, kwa kijiti.

Gari likawa laini. Usukani ukawa mzito kama kuburuta kabati. Getini saa kumi na dakika tano: mayai kumi na tisa mazima. Maendeleo! Mlinzi akauliza, leo naingia? Nikamjibu kwamba mwalimu hatangazi matokeo nusu. Nikageuza.

Wakati wa kurudi, kwenye kona ya shule, tairi la mbele likalala kabisa. Nilisimama pale kitambo, nikijifanya nakagua paa la shule. Na nani atokee? Taratibu, akitoka hospitali. Akashuka na pampu ya mguu. Mtu huyu hutembea na pampu! Akajaza upepo huku akihema, kisha akasema shemeji yake ananisalimu na anauliza kama mimi ni mzima. Nikamwambia amjibu kwamba mimi ni mzima kabisa.

Saa nzima kila siku bwana huyu hukaa wodini akipiga soga na mgonjwa asiye wake. Kuna watu hawana kazi.

Chakula cha jioni: mayai.

Jumatano, tarehe 6 Machi

Godoro la chumba cha wageni. Nimelikata kwa kisu cha mkate: tabaka mbili kwa abiria, moja kwa dereva.

Kwa upande wa mayai, mafanikio. Yalizama godoroni kama watoto wachanga. Aliyefeli ni dereva. Kichwa kiligusa paa, ikanibidi niendeshe shingo upande, kama kuku anayesikiliza. Mwendesha baiskeli simkuona hadi nilipokaribia kumbeba. Nikakanyaga breki. Trei ikaruka. Yalinusurika sita, na suruali yangu haikunusurika.

Nilifika getini hivyo hivyo, maana mtihani lazima umalizwe. Mlinzi leo aliinua kizuizi, akanitazama, akakishusha.

Jioni binti yetu akapiga simu kutoka kazini kwake. Baba, mama anauliza utakuja lini. Nikamjibu kwamba kila dakika yangu ni ya mama yake. Akaniuliza kwa nini basi nisimwachie fundi gari nikaenda kukaa na mama. Binti huyu alikuwa mzuri wa hesabu, sarufi kidogo.

Chakula cha jioni: mayai yenye nyuzi za godoro.

Alhamisi, tarehe 7 Machi

Siku kuu katika maisha yangu!

Nilipokuwa nanyoa ndevu nilimkumbuka baba mkwe wa binti yetu, mtu wa kilo mia na thelathini. Siku nilipompeleka stendi, gari lilitulia kama limepewa dawa. Uzito! Gari jepesi ni kama darasa la watoto wachache: kila mmoja anaruka. Lijaze, litulie.

Uani ipo mifuko minne ya saruji, mabaki ya ukuta ambao mama watoto ananiambia kila mwaka niumalize. Mitatu nikaitia kwenye buti, mmoja nyuma ya viti. Gari likachuchumaa. Nikalipeleka mtihanini.

Thelathini kwa thelathini! Halikuruka, halikugonga, halikulia. Niliganda getini nikihesabu mara mbili. Mlinzi akaja dirishani, akahesabu pia, akasema kweli, mzee, yote mazima, sasa si uingie umpelekee mgonjwa? Mawazo ya mlinzi. Mayai niliyahitaji kwa marudio. Nikarudi nyumbani, nikageuza tena hadi getini, ili asipatikane wa kusema nimebahatisha. Thelathini!

Jioni fundi akapita kwetu. Sikumwita. Akalizunguka gari, akainama, akapitisha kiganja kati ya tumbo la gari na ardhi. Hakikupita vizuri.

"Mwalimu," akasema, "gari halijapona. Limelazwa tu."

Akanionyesha mawingu, akanikumbusha ule mpira wa buti. Nikamwambia sikumwomba insha nyingine. Akaondoka akisema kwa sauti ya chini kwamba sikio la kufa halisikii dawa. Mimi nikamalizia kwa sauti ya juu kwamba asiyesikia la mkuu huvunjika guu, na mkuu hapa ni nani?

Chakula cha jioni: mkate mkavu. Hakuna yai lililovunjika, na mayai ya ushindi hayaliwi.

Ijumaa, tarehe 8 Machi

Mvua. Ilianza jana usiku, haijakata hata kuvuta pumzi.

Buti sikulifungua. Aliyefaulu hapekuliwi. Nimeipiga suti pasi na kuling'arisha gari mbele, nikiwa nimesimama chini ya mwavuli. Mwavuli baadaye nikauingiza kwenye buti kwa kuupenyeza kwenye ufa wa mfuniko, bila kufungua. Ufa huo unapitisha mwavuli vizuri.

Binti akapiga simu. Mama anauliza kama leo nitafika. Nikamweleza kwamba suti imeshapigwa pasi, na kuichakaza siku moja kabla ya shughuli ni upumbavu. Safari hii aliaga tu.

Taratibu akaja mlangoni na viatu vyake vya mvua kusema kwamba kesho atakuwepo hospitali mapema, endapo. Nikamwambia "endapo" ni neno la wasiojiandaa.

Jumamosi, tarehe 9 Machi

Naandika kwa sababu ukweli una haki ya kuandikwa.

Niliondoka nyumbani saa tatu. Gari lilikwenda kama maziwa yanayomiminwa. Nililisifu kwa sauti. Nilifika getini, mlinzi akainua kizuizi kwa mikono miwili, kwa heshima, na kwa mara ya kwanza tangu Jumapili nikaingia.

Tuta.

Magurudumu ya mbele yalivuka. Tumbo halikuvuka. Gari likakaa juu ya tuta kama kuku anayelalia, magurudumu ya nyuma yakizunguka hewani. Nyuma yangu kulikuwa na gari la wagonjwa, tupu, namshukuru Mungu, ambalo dereva wake alitamka maneno yasiyo na ngeli.

Nikasema tupunguze mzigo. Nikafungua buti. Mifuko haikuwepo. Palikuwa na jiwe. Jiwe moja, la kijivu, lenye umbo kamili la buti langu, na ndani yake, vimezikwa hadi shingoni, jeki, gurudumu la akiba na mwavuli. Mlinzi akaligonga kwa rungu. Likamjibu kama jengo.

Nilipoinua kichwa, mama watoto alikuwa mbele yangu kwenye kiti cha magurudumu, binti yetu akikisukuma. Nywele zake zilikuwa zimechanwa vizuri. Watu walikuwa wengi.

"Mwalimu," akasema, "mara tano umefika hapa. Nilikuwa nakuhesabu dirishani. Mara tano nimechana nywele, na mara tano umegeuza."

Nikamweleza habari za mayai. Nilimpa matokeo ya kila siku, kwa mpangilio. Alinisikiliza mpaka mwisho, kama alivyonisikiliza miaka yote.

"Mimi nilitaka uje," akasema. "Hata kwa miguu ningekupokea."

Taratibu alikuwa ameshaegesha ndani na kufungua mlango wa nyuma. Mkewe alikuwa ametandika mito. Wakamlaza. Mama watoto akashusha kioo, akaniambia mbele nafasi ipo, nipande twende. Nikamwambia siwezi kuliacha gari peke yake getini, watu wataliiba. Akaangalia lile jiwe. Akapandisha kioo polepole.

Walitokea geti la pili. Pana tuta pale pia. Gari la kijivu lililivuka kama mtu anayemeza mate.

Nililinda gari hadi saa tisa. Hakuna aliyejaribu kuliiba.

Jumatatu, tarehe 18 Machi

Mambo yamenyooka, daftari langu, na mimi ndiye niliyekuwa sahihi.

Fundi alilivuta gari hadi karakana, akalichonga jiwe kwa patasi siku tatu. Mwavuli haukuokolewa. Leo amelirudisha. Nikalitahini papo hapo, buti likiwa tupu: thelathini kwa thelathini, tuta likiwemo! Hapo nikaelewa. Mzigo ule ulizitia springi adabu. Kazi ngumu humnyoosha mwanafunzi, nayo saruji imelinyoosha gari. Fundi alianza kusema kwamba binti yangu alimwagiza abadilishe zile shokapu na bushi, na kwamba amezibadilisha zote. Inawezekana. Nilimwambia hilo ni jambo dogo la pembeni, na kwamba kwa subira yake nampandisha hadi alama thelathini na tano. Akashukuru.

Mama watoto anaendelea vizuri. Ameagiza kitanda chake kihamishiwe dirishani. Taratibu na mkewe huja saa kumi kila siku, wakakaa naye. Jana aliniomba nami niwe nakaa naye saa hiyo, nisifanye lolote, nikae tu. Nilimweleza kwa upole kwamba saa kumi ndiyo saa ya mtihani, na kwamba juhudi zote hizi ni kwa ajili yake. Ijumaa tarehe 29 anarudi kwa daktari, na adabu ya springi hupungua isipokumbushwa. Nimeshaagiza saruji mpya. Alifumba macho. Nimelichukua hilo kuwa ni kukubali.

Kinachonikwaza ni kimoja tu: mifuko mitatu, au minne? Nimemwahidi kwamba nikishaamua nitaketi naye na kumsomea hoja zote. Nawe, daftari, hutangoja miezi mitano tena. Siku nitakayoamua, nitaandika.

Sasa inakaribia saa kumi. Anachana nywele. Nachukua trei.