Waya wa Kijerumani wa Injinia Dhanapal

Dhanapal hakuwa mwizi. Mwizi huchukua mali ya mtu akatimka. Dhanapal aliichukua, akairudisha, akalipwa na kushukuriwa juu. Jumatatu aliingia kwenye studio ya harusi ya Mama Visalatchi, pale Madurai, kusini mwa India, kupiga picha ya pasipoti. Mama alipogeuka kurekebisha taa, mkono wa Dhanapal ulichomoa waya uliounganisha kompyuta mpakato na sanduku la kuhifadhia filamu, ukachomeka mwingine wa kufanana nao. Huo mwingine ulikuwa na nyuzi nane ndani, na nne kati yake alikuwa amezikata mwenyewe.

Alhamisi akarudi na mkoba begani, juu ya pikipiki nyekundu aliyoipenda kuliko ndugu zake. Siku aliichagua kwa akili. Ilikuwa sikukuu ya vyombo vya kazi: ikifika adhuhuri kila chombo hulazwa mbele ya Mungu-mama, kikapakwa manjano, kisiguswe mpaka kesho yake, kwa hiyo asubuhi hiyo mwenye kazi ya haraka habishanii bei.

Alimkuta Mama machozi yakimlengalenga.

"Inasema masaa tisa! Bibi harusi anaruka leo jioni kwenda Dubai, filamu yake hii hapa haihami. Nimeizima, nimeiwasha, nimeipuliza, nimeiombea. Nikimkosa huyu, msimu mzima wa harusi umenipita."

"Pole, Mama. Usilie mbele ya mashine, zitakudharau." Dhanapal akaitazama skrini kwa huzuni ya daktari anayelipwa. "Unaona kasi hapa? Mia. Inatakiwa elfu. Waya wako umezeeka. Bahati yako ninao mmoja wa Kijerumani. Rupia elfu tano tu, kwa ajili ya sikukuu."

"Elfu tano! Kwani umesukwa kwa dhahabu?"

"Wa dhahabu ni elfu sita."

Akauchomeka. Mia ikawa elfu, masaa tisa yakawa dakika hamsini. Mama akainama aushangae ule waya, na chini ya kichwa cha kuchomekea akaona doa la manjano. Mwaka jana, sikukuu kama hii, alilibonyeza pale kwa kidole chake mwenyewe. Dhanapal naye alikuwa ameliona. Alidhani ni mchuzi, akalisugua kwa sabuni mpaka akachoka. Lakini manjano hayatoki, muulize mpishi yeyote.

Mama akainuka, akatabasamu.

"Injinia, mkono wako una baraka. Vyombo vyako vitalala hapa hapa na vyangu."

"Nina wateja wengine, Mama..."

"Pandi!" Mama akamwita jirani, muuza miwani. "Njoo umwone fundi anayekataa vyombo vyake visibarikiwe!"

Pandi akaja, na nusu ya mtaa nyuma yake. Fundi wa kukataa jambo hilo ama si fundi, ama vyombo si vyake. Dhanapal akautua mkoba. Kabla hajageuka, pikipiki ilishavishwa shada la maua, na ufunguo wake uko kwenye sinia la sadaka mbele ya Mungu-mama.

"Na elfu tano yangu?" akanong'ona.

"Hii hapa." Mama akaiweka kwenye sinia hilohilo. "Pesa ya leo nayo inalala. Kesho saa mbili utabeba vyote."

Filamu ilikwisha kuhama kabla ya adhuhuri. Mama akampa Dhanapal bakuli la dengu, akampaka manjano kwenye paji la uso, na kumwambia sikioni:

"Rangi hii ndiyo ile iliyo kwenye waya wako wa Kijerumani, na kidole ni hikihiki. Kesho mkoba tutaufungua mbele ya mtaa mzima. Usichelewe, mwanangu."

Dhanapal aliondoka kwa miguu, bakuli mkononi.

Kesho yake walimngoja mpaka saa nne. Mkoba ukafunguliwa, zikatoka nyaya sita zenye madoa ya manjano, mmoja wa Pandi. Kila mtu akachukua wake, na Mama akachukua elfu tano yake. Pikipiki haikudaiwa na mtu, na mpaka leo Mama Visalatchi huipanda kupeleka filamu za harusi. Ukimuuliza imetoka wapi, atakwambia ni ya Kijerumani.