Mume Wangu Mkaguzi wa Chupa na Mayai Yenu ya Kikorea

Ndugu Mhariri wa Ukurasa wa Mapishi,

Nakusalimu kwa heshima zote. U hali gani wewe na nyumba yako? Tumbo je, linaendelea vizuri? Naulizia tumbo kwa sababu naamini mnaonja hayo mnayotuandikia, na kama hamwonji basi lawama zangu zitaongezeka. Sisi huku tu wazima kwa neema ya Mungu, ila midomo inatuwasha.

Mimi ni mama wa makamo, mwimbaji wa kwaya, sauti ya kwanza. Shule nilisoma kiasi cha kuweza kulielewa gazeti lenu, na hapo ndipo shida ilipoanzia.

Mume wangu alikuwa mkaguzi wa chupa kwenye kiwanda cha soda. Kazi yake ilikuwa kukaa mbele ya taa nyeupe, chupa zikipita moja baada ya nyingine, naye akitafuta ufa, mdomo uliomeguka au mdudu aliyejificha chini. Akiona kasoro anaitoa kwa vidole viwili, kimya kimya. Ujana wake wote uliishia pale. Kisha kiwanda kikaleta mashine yenye jicho lake yenyewe, jicho lisilopepesa wala kuomba likizo, naye akarudishwa nyumbani na saa ya ukutani na shukrani nyingi.

Tangu hapo akawa mtulivu. Akiamka anakaa kwenye kiti chake sebuleni na kutazama ukuta. Akiletewa chai anakunywa, asipoletewa haulizi. Watoto wakipiga simu anasema hajambo, anarudisha simu kwangu. Ndugu Mhariri, wake wangapi wamejaliwa mume asiyesumbua hivyo? Kila asubuhi nilikuwa nikimwombea Mungu amwinue. Naona sala ile sikuifafanua vya kutosha. Niliomba ainuliwe, sikuomba ainuliwe aingizwe jikoni kwangu.

Sasa ukuta ule una doa la unyevu. Nikachukua gazeti lenu nikalibandika juu ya doa, ukurasa wa mapishi ukielekea kwenye kiti. Mume wangu, kwa kuwa hakuwa na pengine pa kutazama, akausoma: jinsi ya kupika nyumbani mayai ya pilipili kwa mtindo wa Kikorea. Akausoma asubuhi, akausoma jioni. Siku moja naanika nguo, nikasikia kabati la jikoni linafunguliwa. Nikadhani panya. Malalamiko yangu ni haya:

1. Mliandika kwamba yai lizungushwe taratibu likiwa linachemka ili kiini kikae katikati, kisha limenywe na kulowekwa kwenye sosi ya soya yenye pilipili ya unga, kitunguu saumu, asali na ufuta. Hamkuandika kwamba likaguliwe. Lakini pia hamkukataza, na hapo mmetuponza. Mume wangu hanunui yai kabla hajaliinua juani na kuligeuza pande zote. Mwenye duka alimwambia, mzee, hayo ni mayai, si almasi. Akajibiwa kwamba hata almasi ikiwa na ufa inarudishwa. Wateja wengine wameona ni jambo la maana, nao wanainua. Siku hizi mwenye duka akituona kwa mbali anafunga mlango nusu na kusema mayai yamekwisha, na trei naziona nyuma ya mgongo wake.

2. Jikoni kuna bakuli la yaliyopita na sufuria iliyopinda ya yaliyokataliwa. Yaliyopita ni ya mama mkwe, ya wageni na ya mchungaji. Yaliyokataliwa, yaani yale ambayo kiini kimeegemea upande mmoja au yamechubuka wakati wa kumenywa, ni yangu. Mimi, mke wa ujana wake, niliyesimama naye mbele ya madhabahu! Nilipomuuliza, alinijibu bila kuondoa macho kwenye yai, "Mama, kiwandani zilizokataliwa tulizivunja. Wewe nakupa." Eti huo ni upendeleo.

3. Mama mkwe, ambaye tunaishi naye, zamani akiona pilipili mezani anaomba aombewe. Sasa anagonga sahani kwa kijiko akilalamika kwamba pilipili imepungua, na kwamba tunamwonea kwa sababu ya uzee. Juzi alinishika mkono kwa upole kabisa akaniambia, mkwe wangu, kumbe mwanangu ana kipaji, na wewe miaka yote ulikuwa unatupikia nini?

4. Hili linagusa imani, naomba ulisome ukiwa umekaa. Kikundi chetu cha sala kilikutana hapa nyumbani, na mume wangu akawapa akina mama mayai kabla ya maombi. Tulipofumba macho, wote wakaanza kulia. Kamasi, machozi, jasho, mwingine anajipepea kwa kitabu cha nyimbo. Jirani aliyekuwa anapita alichungulia dirishani, akaenda kutangaza kwamba nyumba yetu imeshukiwa na Roho. Tangu siku hiyo watu hawatoshi sebuleni. Wanaingia wakiuliza kwanza kama baba yupo jikoni, ndipo wanauliza kama kuna maombi. Mchungaji amesifu uamsho huu mbele ya watu, na mimi niliyejua ni pilipili nikaitikia amina pamoja na wenzangu. Dhambi hiyo, Ndugu Mhariri, naomba tugawane.

5. Baada ya kuyaweza hayo akaona chini kabisa ya ukurasa kuna mayai mengine, ya kuvukishwa kwenye chungu kilichofunikwa, yanayofura mpaka yanapita ukingo. Mmeandika kwamba yakishtuliwa yananywea. Kwa nini mliandika neno hilo? Chungu kikiwa motoni, nyumbani kwangu hakuna kufunga mlango kwa nguvu, hakuna kukohoa, na mimi nimekatazwa kuimba. Naimba moyoni. Mwalimu wa kwaya ameniuliza kwa nini sauti imefifia, na nilishindwa kumwambia kwamba inazuiwa na yai. Likinywea, mume wangu anatutazama mmoja mmoja kama chupa, na kila mtu anajiona ana ufa.

Kwa hayo yote, naiomba ofisi yako itoe tangazo kwamba ukurasa ule ulichapishwa kwa bahati mbaya. Kama tangazo haliwezekani, basi semeni mapishi hayo ni kwa wenye kibali tu, na kibali kipatikane mbali. Na ikishindikana kabisa, waandikieni Wakorea wenyewe, kwa adabu, muwaombe wayachukue mayai yao. Waambieni hatuna ugomvi nao. Ni kwamba tulikuwa na nyumba yenye utulivu, kila kitu mahali pake, mume kwenye kiti na mke jikoni, na sasa nyumba inanuka kitunguu saumu kutwa, inacheka ovyo, na mwenye nyumba anapiga mluzi. Mluzi, Ndugu Mhariri! Sikuwa nimeusikia tangu enzi za uchumba wetu.

Wasalimie wote ofisini, anayepanga kurasa, anayesambaza magazeti, na yule mpishi wenu, ingawa yeye umsalimie kwa ukali kidogo. Mama mkwe anakusalimu. Mume wangu pia angekusalimu, ila hajui kama nakuandikia.

Ni mimi dada yako katika imani,
Mke wa Mkaguzi

Baada ya hayo: Barua hii nilikuwa nimeshaikunja, nimeikunjua tena. Jana mayai yote yalipita. Bakuli likajaa, sufuria iliyopinda ikabaki tupu. Nilitegemea atafurahi. Akafuta mikono, akaning'iniza aproni, akarudi kwenye kiti na kutazama ukuta. Hakuwa anasoma, maana ukurasa ule sasa anaujua kwa moyo. Nilimletea chai, akanywa. Nikakaa jikoni kidogo, nikamwomba Mungu anisamehe mapema, nikachukua yai moja zuri kuliko yote nikalichubua kwa ukucha. Kisha nikamwita, Baba, hebu njoo uangalie hili. Akaja akijikokota. Akaliinua kwenye taa. Mgongo ukanyooka. "Mama! Hili nani kalipitisha?" Na mkono wake mwingine tayari unaitafuta aproni.

Lile yai nililila mimi, maana lilikuwa langu.

Kwa hiyo tangazo liacheni. Nakuomba mapishi mengine ya Kikorea ya mayai, marefu kuliko yale, yenye hatua nyingi na mambo mengi ya kuharibika. Pilipili msipunguze. Yachapeni kwa herufi kubwa, maana kutoka kwenye kiti hadi ukutani ni mbali kidogo, na macho yale yamefanya kazi sana. Gundi ninayo tayari. Tafadhali nijibu upesi.