Sauti ya Yustina Ipo kwa Watu wa Usalama

Jumatatu, 3 Machi
Arobaini ya mke wangu imepita juzi. Nyumba hapa Goba kimya, hata kuku wanatembea kwa adabu. Na nimeanza kusahau sauti ya Yustina! Simu yake niliiuza wiki ya msiba, nikafuta kila kitu, mnunuzi asije akachungulia siri zetu. Mjanja mie. Yangu kitochi, haitunzi kitu.

Lakini nimepata wazo. Watu wa usalama wananisikilizaga tangu niliposema vibaya kuhusu tozo za miamala ya simu. Simu ikikwaruza tu, nilikuwa namwambia Yustina, wapo hao. Anacheka. Basi sauti yake wanayo! Nitaidai kisheria.

Jumanne, 4 Machi
Nimevaa suti ya harusi, nikaenda ofisi ya taarifa binafsi. Dada wa mapokezi, Jovina, kasema sheria inampa mtu haki ya kuona taarifa zake, ila za usalama wa taifa zina utaratibu wake. Nikamuuliza, mie na mke wangu tukibishana kuhusu mchicha, taifa linaingiaje? Akauliza taratibu kwa nini nadhani nilisikilizwa. Nikataja tozo. Akasema, pole baba.

Yaani mie si mtu wa kusikilizwa! Nimelia getini, mlinzi kanipa kiti chake.

Alhamisi, 6 Machi
Nimempigia jirani Alfonsi, nikanong'ona maneno ya kutisha, ili watu wa usalama wanifungulie faili na kufukua simu za nyuma. Alfonsi kamwambia mjumbe wa nyumba kumi. Mjumbe kaja na uji, kadhani msiba umenichanganya. Uji wenyewe hauna sukari.

Jumamosi, 8 Machi
Shemeji Demetria, mdogo wake Yustina, kaja kutoka Chamazi. Kumbe sauti anayo, siku zote! Kabonyeza simu yake, ujumbe wa sauti aliotumiwa na dada yake. Yustina huyo, anakohoa, anacheka: "Ansbert akikuuliza, mwambie malaria tu. Akijua ninavyoumwa ataanza mipango yake, na mie nataka tukae tu."

Nimelia kama mtoto. Alinificha, mke wangu. Kuna mangapi mengine?

Hospitali wana faili lake. Watasema siri ya mgonjwa. Jumatatu naenda na miwani myeusi, nitasema natoka usalama.

Demetria kaniomba nikae naye kidogo tu. Nimemwambia sina nafasi, napiga suti pasi.