Shahidi wa Ng'ombe Watano

"Tuweke watano," Luhende alisema, akaandika kabla hajajibiwa.

Yunis, mjane wa kijiji cha Guta, alikuwa ameibiwa ng'ombe wawili. Ofisi ya kuwasaidia walioibiwa ilimpa fedha ya mmoja, na asiyeridhika huruhusiwa kuomba marekebisho. Luhende alikuwa ameiona riziki hapo. Aliweka meza na mwavuli mbele ya ofisi hiyo, Bunda mjini, akawa anawaandikia watu maombi kwa nusu ya nyongeza. Tusimhukumu haraka, mwandiko wake ulikuwa mzuri. Mali yake yote ilikuwa mtamba mmoja mwenye baka jeupe, malipo ya mteja wa Butiama, aliyefungwa nyuma ya mwavuli.

Yunis alimtazama mtamba yule kwa muda. "Mwandishi, mimi nilikuwaga na wawili tu."

"Mama, ukiandika wawili wanatoa mmoja. Ukiandika watano, watatoa wawili. Huo si uongo, ni hesabu."

"Na shahidi? Majirani zangu wanaogopaga dhambi."

"Shahidi ninaye. Ni mimi." Akaandika kwamba yeye, Luhende, aliwaona wezi wakiwaswaga ng'ombe watano.

"Uliwaona kwa karibu?"

"Hatua kumi." Akaandika.

"Koo lako lilikuwa zima siku hiyo?"

"Koo? Zima kama la dume, mama!" Hilo nalo akaliandika, maana lilimpendeza. Akatia sahihi, na dole gumba juu yake.

Yunis aliupuliza wino ukauke. "Ngoja nikatoe kopi."

Duka la kopi lilikuwa karibu. Mugeta, kamanda wa sungusungu, walinzi wa jadi wa Guta, alikuwa karibu zaidi. Alikuja na wazee wawili, akaisoma barua kwa sauti, kidole kikifuata mstari.

"Ndugu mwandishi, hatua kumi, koo zima. Yowe lako tulisikie wapi?"

Kila mtu wa mkoa wa Mara anajua: ukiona mifugo ikiibwa, usipopiga yowe, umekuwa mwizi mwenza, na utawarudisha ng'ombe wote.

"Wazee wangu, nilidanganya tu!"

"Vizuri. Kuidanganya ofisi ni kosa, basi barua iende polisi, na wewe uisindikize."

Luhende akageuza maneno. "Niliwaona."

"Watano, basi."

"Walikuwa wawili!"

"Umeandika watano, baba. Na dole juu."

Yunis akaingilia kwa upole. "Kamanda, mimi sitaki cha mtu. Wangu walikuwa wawili, ofisi imenipa mmoja. Amebaki mmoja." Tayari alikuwa akifungua kamba ya mtamba.

"Lakini hata faini huombewa marekebisho," Mugeta alimfariji Luhende. "Leta barua barazani."

Luhende akabaki na kigingi kitupu. Akachukua karatasi safi, akaandika kwamba siku ya wizi hakuwepo Guta, alikuwa Musoma. Mwandiko ulikuwa mzuri kuliko siku zote, mpaka alipofika penye neno "Shahidi".

Akamwita muuza karanga. Muuza karanga akakumbuka anaitwa kwingine. Akamwita fundi viatu, jirani yake wa miaka mitatu.

"Mimi kuonaga siku hizi sionagi vizuri," fundi alijibu, huku akitunga uzi kwenye sindano.

Luhende akafunga mwavuli, akaikunja barua na nafasi yake wazi. Kesho angejaribu kwa kinyozi.