Nyumba ya Mawe Pamoja na Mzimu Wake

Nurdin aliitazama ile nyumba ya mawe pembezoni mwa Newala, yenye mnara kama ngome za kwenye filamu, akaona mbao. Milango kumi na miwili ya mninga! Kuibomoa siku tatu, kuuza milango Masasi siku moja. Ilibaki kumlainisha mwenyewe.

"Shikamoo, Mama Priska. Milioni tatu."

"Marahaba. Milioni kumi."

"Nyumba ina nyufa, mama!"

"Na wewe una mapengo. Mbona hujajiuza nusu bei?"

Nurdin alikwenda sokoni, akanunua ndizi moja, akamnong'oneza muuzaji kwamba mle ndani anatembea Mzungu asiye na kichwa, amekikumbatia kwapani kama kuku wa mnadani. Siri hiyo ilifika hadi kijiji cha Mnyambe kabla hajamaliza ndizi.

Kwa hesabu yake, watu wangekimbia na bei ingeshuka. Alisahau kwamba watu hao hao hulipa kwenye vibanda vya video ili watishwe, na kwamba mama zao walikimbizwa na mapiko, wale wachezaji ngoma wanaojifunika vinyago, wakarudi mbio kutazama tena. Jumamosi ikaja foleni. Mama Priska, mtumishi mstaafu wa kanisa, alimwomba Mungu msamaha, kisha akaweka meza mlangoni. Kiingilio elfu mbili.

Nurdin alilipa ili aingie kuwacheka. Madirisha yalikuwa yamezibwa, giza totoro saa nane mchana. Ghafla Mzungu asiye na kichwa akamrukia, mabega yakitetemeka, miguu ikitwanga sakafu. Kina mama walipiga mayowe na vigelegele kwa pumzi moja. Nurdin alitoka na kiatu kimoja.

Mzimu aliyemtunga mwenyewe, kwa kinywa chake! Mtu mwingine angejiuliza swali. Yeye aliitazama foleni.

"Mama, ile milioni kumi ninayo."

"Ishirini."

"Na mzimu yumo kwenye bei?"

Mama Priska alishusha pumzi kama anayeagana na ndugu. "Yumo, baba. Umtunze."

Likauzwa gari, likauzwa shamba la mikorosho. Mbele ya mtendaji wa mtaa, Nurdin akasaini: nyumba ya mawe pamoja na mzimu wake.

Jumamosi iliyofuata watu walijaa ndani, mzimu hakutokea. Nurdin akajitupia shuka, akaruka katikati yao akinguruma.

Mama Siti, muuza maandazi, akasema, "Huyu miguu mizito."

"Mabega yamekufa kabisa!"

"Tuliyemlipia si huyu. Rudisha hela!"

Nurdin alipiga simu akiwa bado ndani ya shuka. "Mama! Mzimu hayupo, na shuka langu wamelikataa!"

"Anselmo? Kaka yangu yuko hapa Ndanda, anakula. Amecheza lipiko miaka thelathini. Ulidhani watu wanalipia shuka?"

"Arudi! Mkataba unasema mzimu ni wangu!"

"Mzimu, ndiyo. Anselmo ni mtu, na mtu hulipwa. Nusu ya kiingilio."

"Nusu?"

"Theluthi mbili. Na kuku mchana."

Anselmo alirudi, na foleni ikarudi naye. Sasa kila Jumamosi Nurdin hukaa nje juani akikata tiketi, kwenye mlango wa nyumba yake mwenyewe. Ndani haruhusiwi. Mcheza lipiko hakubali mtu asiyehusika amwone akivaa.