Nilivyomfundisha Baba Mkwe Dizeli kwa Gari la Petroli

Leo nimejivua nguo mbele ya baba mkwe. (Nguo za heshima. Suruali ilibaki.)

Naandika mwenyewe ili mlisikie kwangu kabla halijawafikia kutoka gereji za Bagara.

Mzee ameuza madume sita ya ng'ombe. Anataka gari la kwenda shambani kwake, kule uwanda wa Hanang, ambako mvua ikinyesha ule udongo mweusi unang'ang'ania mpaka mtu anashuka na kuacha viatu. Wiki tatu zilizopita akanipigia simu. Yeye, kunipigia mimi! Miaka sita nimemwoa binti yake na mazungumzo yetu yote ni shikamoo, marahaba, mvua vipi huko. Safari hii akasema, "Baba Ester, wewe umesoma. Ninunue la petroli au la dizeli?"

Nilifurahi mpaka mke wangu akauliza kama nimepandishwa cheo.

Basi nikasoma. Kila nilichokiona kwenye simu nilikisoma. Jibu likawa dizeli, na nikamtumia mzee ujumbe wa sauti wa dakika tisa kumweleza kwa nini. (Hakujibu. Nilidhani anatafakari.)

Leo asubuhi tukakutana Bagara, kwa fundi wa magari. Alikuwa ametutafutia magari mawili ya kuuzwa, moja la petroli, moja la dizeli, yamesimama uani. Moja jeupe, moja la kijani. Mtu mwenye akili angeuliza lipi ni lipi. Lakini mtaalamu anaulizaje? Lile la kijani lilikuwa na matope mpaka madirishani, bomba la kuvutia hewa limepanda hadi juu ya paa, na ekzosi imetoboka, likiwashwa linanguruma mtaa mzima. Nikasema moyoni, hilo halina mjadala, dizeli hiyo.

"Baba, tuanze na hili," nikasema, nikakamata usukani. Mzee akakaa mbele pembeni yangu, fundi nyuma.

Tukatafuta kilima chenye mawe upande wa Nangara. Gari likapanda vizuri sana, na mimi nikapanda nalo.

"Unasikia hiyo nguvu, Baba? Hiyo ndiyo dizeli. Petroli hapa ingekuwa imeshalia."

Fundi akakohoa. "Samahani, Baba Ester..."

"Ngoja fundi, nimalize kwanza."

Nikaeleza nguvu ya injini kuvuta hata ikienda polepole. Nikaeleza ulaji wa mafuta. Fundi akakohoa tena. Nikamwambia afungue kioo, ni vumbi. (Vumbi! Maskini wa Mungu.)

Kileleni nikazima gari ili somo liingie vizuri. "Na kubwa kuliko yote, Baba, injini hii haina plagi za kuwashia wala waya zake. Ukivuka mto, maji yakiruka, hakuna cha kulowa. Petroli ingezimika katikati ya maji."

Mzee akafungua mlango wake. Akashuka taratibu, akaegemea fimbo yake mbele ya gari.

"Hizo plagi ambazo haina," akasema. "Nionyeshe mahali ambapo hazipo."

Nikafungua boneti kwa mbwembwe.

Waya nne. Nene, nyeusi, zimepangana juu ya injini, kila moja imeshika plagi yake. Nilizitazama nikiomba ziwe kitu kingine. Hazikuwa.

"Fundi," nikasema, "hili ni..."

"La petroli. La dizeli ni lile jeupe."

"Sasa mbona hukusema?"

"Nilitaka kusema tangu tunatoka Bagara. Lakini mtu hakatwi kauli mbele ya mkwe wake."

Jamani, aibu ina joto. Masikio yalikuwa yanawaka. Na kilichoniuma si waya. Kilichoniuma ni kwamba mzee amenitafuta mara moja tu kwa miaka sita, na hicho ndicho nilichompa.

"Kwa hiyo lipi zuri?" akauliza. Hakuwa ananikejeli. Alikuwa anauliza kweli.

Ningeweza kuendelea. Maneno nilikuwa nayo. "Sijui, Baba," nikasema. "Nimesoma tu."

Akaitikia kwa kichwa. Tukarudi, fundi akaendesha lile jeupe kwenye kilima kilekile, mimi nikiwa kiti cha nyuma. Likapanda. Mzee akasema, "Nachukua hili. Trekta langu linakunywa dizeli, pipa moja litatosha yote mawili."

Sentensi mbili! Mimi nilitumia dakika tisa na pipa sikulifikiria. Kwa hiyo dizeli imeshinda, kama nilivyosema tangu mwanzo. Hakuna aliyenipongeza.

Kisha akampigia mama mkwe, simu iko kwenye spika, sote tunasikia. "Mama, gari limepatikana. Mkweo amenithibitishia kwamba dizeli ina nguvu, akatumia la petroli. Weka chai, tunakuja naye."

Upande wa pili nikasikia kicheko, na si cha mtu mmoja. Kumbe wajukuu na mashemeji wote walikuwa hapo.

Sasa niko Nakwa, nyumbani kwa mzee, kikombe mkononi, shemeji mdogo ananiuliza kama hii ni chai au kahawa, mimi si mtaalamu? Anayetaka kucheka acheke huko huko kwake, huku ukweni nafasi zimejaa.