Wamolekuli Wanaishi Wilaya Gani?

Jumanne, 2 Septemba 2025
Jumamosi chama chetu cha Kiswahili hapa Kawempe kinachagua mwenyekiti. Kiti ni changu miaka na miaka. Sasa anakitaka Mwalimu Zuleika, wa kemia. Kemia! Lakini leo nimemsikia redioni akisema sukari ikiyeyuka kwenye chai haibadiliki kimolekuli. Kimolekuli! Chai imepoa mkononi. Ki- yetu ile ile ya kishujaa na kitoto, imeingia mpaka ndani ya kitu kisichoonekana! Wanaoandika magazetini kwamba Kiswahili hakiwezi sayansi waje niwape kikombe. Neno hili lazima liwe langu kabla ya Jumamosi.

Alhamisi, 4 Septemba
Nimelitumia kutwa. Kinyozi nimemsifu kimolekuli. Muuza nyanya nimemlaumu kimolekuli. Halafu Odyek, polisi mstaafu, kura yangu ya uhakika, akauliza kwa adabu Wamolekuli wanaishi wilaya gani, maana amefanya kazi Uganda nzima na hajasikia lugha yao. Ningemweleza. Lakini mwenyekiti hasitasiti. Nikamjibu: kaskazini, karibu na mpaka.

Jumamosi, 6 Septemba
Balaa. Nimehutubia vizuri mno. Ndipo Odyek akasimama, kifua mbele, kwa nia njema kabisa: “Mwenyekiti, salimia sisi Kimolekuli.”
Nikakohoa. Odyek akaitikia kikohozi.
Zuleika hakucheka. Akaeleza kwamba si lugha, ni namna: kwa jinsi molekuli zilivyo. Sukari ikiyeyuka, molekuli zake ni zile zile. Chemsha maji yaishe taratibu, utaikuta. Ikiungua kikaangoni, hapo imebadilika kimolekuli. Ufafanuzi safi! Nilipiga makofi kabla sijakumbuka ni mpinzani.
Mtu akauliza, je, mwenyekiti wetu?
“Hajji Hamim ameyeyuka tu,” akasema Zuleika. “Subirini, atarudi vile vile.”
Nimepata kura moja. Naujua mwandiko wake: ni wangu.

Jumapili, 7 Septemba
Usiku nimetafakari. Fedheha imeniunguza, nami si yule wa jana. Nimebadilika kimolekuli. Uchaguzi ujao nitashinda kwa unyenyekevu.
Asubuhi nimefungua redio. Zuleika tena, mwenyekiti mpya, sauti tamu. Amesema “kiatomu”.
Kiatomu! Chai imepoa mkononi.
Odyek akiuliza, Waatomu nitawaweka magharibi.